Tulinunua ng'ombe mzima tukala mkia: tiketi za kuhama paki kule Disney

Haya jamani mambo vipi, habari za huko nyumbani, leo naongea taratibu kidogo kwa sababu tuko barabarani tunarudi Atlanta. Nimeegesha hapa kwenye sheli moja karibu na Valdosta, tumeshavuka mpaka wa Florida, baba watoto kaingia ndani kutafuta kahawa, wanangu wamezima kabisa huko nyuma, na mama mkwe naye kalala kaegemea dirisha, kitenge kafunika uso. Mkiona nanong'ona msidhani naficha kitu, nikimwamsha yule mama hapa video inaisha saa hii hii.

Inboksi imejaa tangu niweke zile picha za juzi. Kuna dada yuko Arusha, kaka yake yuko Texas, amepata viza anakuja Desemba na watoto wawili, anauliza dada hizi tiketi za Disney wanaandika Park Hopper ndio nini, na je ninunue au ni kupigwa? Nikasema hili nalijibu kwa video maana sisi tumetoka kulipia, maumivu bado ya moto.

Kwanza tuelewane. Disney World ya Orlando, yale maeneo ya michezo na burudani kule Florida, siyo paki moja, ziko nne. Kuna Magic Kingdom, ile yenye kasri unayoiona kwenye kila picha, hiyo ilifunguliwa 1971. Kuna EPCOT ya 1982, kuna Hollywood Studios ya 1989, halafu Animal Kingdom ya 1998 yenye wanyama. Na usifikirie ziko jirani kama Kariakoo na Mnazi Mmoja, hapana, eneo lote linakaribia maili za mraba 40, kutoka paki moja kwenda nyingine ni barabara kuu kabisa zenye mabango na mataa. Sasa tiketi ya kawaida inakupa paki moja kwa siku. Unaweza kutoka ukaenda kulala ukarudi jioni, lakini pale pale ulipoingia asubuhi. Hiyo Park Hopper ndio inakuruhusu kuhama, asubuhi uko kwa wanyama, mchana uko EPCOT, usiku unaangalia fataki kwenye kasri, ukitaka hata zote nne siku moja ni miguu yako tu. Zamani kidogo ilikuwa huruhusiwi kuhama mpaka saa nane mchana, wakaiondoa hiyo Januari 2024, sasa unahama muda wowote.

Ukiisikia hivyo inaonekana tamu eeh? Na mimi nilisikia hivyo hivyo.

Bei sasa. Mwaka 2025 tiketi ya mtu mzima ya siku moja, paki moja, ilianzia dola 119, hiyo ni Animal Kingdom siku zisizo na watu, halafu ikapanda mpaka 199 kwa Magic Kingdom wiki ya Krismasi, kwa hiyo dada wa Arusha hapo kwenye Desemba yako paangalie vizuri. Ukinunua siku nyingi kwa pamoja kila siku inashuka bei. Na mtu mzima kwao ni kuanzia miaka 10, kwa hiyo mwanangu mkubwa ana miaka 11, bado ananiomba nimkatie kucha, pale getini ni mtu mzima mwenzangu. Chini ya miaka 3 ndio bure. Sisi tulikuwa watu watano wa kulipiwa, siku tatu, na ile nyongeza ya kuhama ilitujia kama dola 90 kila kichwa. Piga hesabu, 450. Mama mkwe siku tunanunua alikuwa amekaa pale mezani anachambua mboga, akauliza hiyo ni shilingi ngapi, nikamwambia mama inapita milioni moja na laki. Akaacha mboga. Akasema, "Hiyo ni ng'ombe huyo. Mnanunua ng'ombe ili mtoke geti hili muingie geti lile?"

Tukamcheka. Tukalipa.

Siku ya kwanza tukaanza Animal Kingdom, asubuhi kabisa, na hapa lazima nisimulie kidogo kwa sababu nyie wa nyumbani mtacheka. Mle ndani kuna kijiji wamekijenga kinaitwa Harambe, cha kubuni tu lakini ni cha Afrika Mashariki, wanasema walichukua sura ya Lamu, na kweli, kuna milango ile, kuna maandishi ya Kiswahili ukutani, kuna mahali wameandika Uhuru 1961. Mama mkwe kazaliwa mwaka huo huo, akasimama pale akasoma kwa sauti, akaniangalia kama vile nimemfanyia sapraizi. Halafu akaanza ukaguzi. Zile kuta wamezichakaza makusudi, plasta imebanduka, rangi imefubaa, ndio ufundi wenyewe huo, wamelipa watu kuufanya. Yeye anauliza, "Na hela yote hii hawana hata ya kupaka chokaa?"

Tukapanda safari sasa, inaitwa Kilimanjaro Safaris. Mtu katoka Moshi, mlima anauona akifagia uwanja, kavuka bahari kuja kulipia Kilimanjaro ya Florida. Unapanda lori la wazi, mnazunguka kama dakika 20 hivi, twiga wa kweli, vifaru wa kweli, simba kalala juu ya jiwe. Dereva kijana wa Kimarekani akasema kwenye maiki "Jambo!", watu wote "Jambo!", na mama mkwe kutoka siti ya nyuma, kwa heshima zake zote, "Sijambo mwanangu, umeamkaje?" Kijana akakwama. Kimya kama sekunde tatu. Akasema "Asante sana!" akakanyaga mafuta. Halafu tukapita kwenye mibuyu, mikubwa kweli, mimi nishachukua video na muziki nishauchagua, mama akaikazia macho ule mmoja akasema huu mbuyu hauna tunda hata moja, huu wamefinyanga. Na ni kweli, ile mibuyu ni ya kutengeneza.

Haya, nimepotea, turudi kwenye tiketi.

Saa saba mchana tukasema sasa tutumie ng'ombe wetu, tuhamie EPCOT. Animal Kingdom ndio iko pembeni kabisa, huko hakuna treni wala boti, ni basi au gari lako. Tuliegesha gari letu, ilikuwa dola 30 kwa siku, uzuri ni kwamba ukilipa mara moja ukihama paki hulipi tena siku hiyo. Lakini hesabuni na mimi. Kutembea mpaka getini na kigari cha mtoto, kupita choo kwa sababu bibi hawezi kuondoka bila kupita choo, kusubiri kile kitreni cha maegesho, kulitafuta gari, gari limekuwa oveni, kuendesha, kuegesha, kutembea tena, ukaguzi wa mabegi tena, foleni ya geti tena. Saa moja na robo. Na mdogo kalala ndani ya gari, yule wa miaka mitano, kalala usingizi ule wa kudondosha mate, na wewe mzazi unajua ukimwamsha hapo umeanzisha vita. Tukakaa garini. Mimi na baba watoto tukiangaliana, nyongeza ya dola 90 kila mmoja, tumekaa kwenye maegesho tunakula chapati. Alipoamka ikashuka mvua ya Florida, ile ya mchana ya kiangazi yenye radi, michezo ya nje yote wanasimamisha mpaka ipite. Kuja kuingia EPCOT ni karibu saa kumi na moja na kila mtu kanuna.

Chapati nazo niseme hapa hapa maana mtauliza. Chakula unaruhusiwa kuingia nacho Disney, isipokuwa vyupa vya glasi na pombe, na maji ya baridi wanakupa bure kwenye vile vibanda vya chakula. Mimi nilibeba hotipoti. Mlinzi akaifungua, mvuke ukatoka, akaniuliza hii nini, nikamwambia, akaifunga polepole kama mtu anayefunga kabati la watu. Hiyo hotipoti ilituokolea hela kuliko ushauri wowote niliosoma.

Siku ya pili Magic Kingdom, kuhama hatukuhama kabisa. Hata usijidanganye, ile paki peke yake inakumaliza, unaegesha mbali, unapanda ferebe ya kuvuka ziwa au treni ya juu, ukishafika huko ndani na watoto nani atakutoa kabla ya fataki? Siku nzima ile nyongeza ililala mfukoni.

Ya tatu ndio tuliitumia, na hapo sitaki kuwa mchoyo, ilikuwa raha. EPCOT na Hollywood Studios zimeungana vizuri, kuna boti, kuna njia ya miguu, na tangu 2019 kuna vile vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya wanaita Skyliner. Asubuhi tukazunguka EPCOT kwenye ile sehemu waliyojenga mabanda ya nchi mbalimbali, ziko 11, Japani, Meksiko, Ufaransa na wengine, Afrika yupo Moroko peke yake, na amejengwa vizuri kupita kiasi, mfalme wao alileta mafundi kutoka kwao kuja kuchonga zile nakshi. Sisi wengine tuna kibanda cha vinywaji katikati ya China na Ujerumani. Walikuwa na mpango wa kujenga Afrika ya Ikweta kabisa, haikujengwa mpaka leo. Basi baada ya lunchi tukapanda vibehewa, mama mkwe rozari mkononi, macho kafumba, anauliza tumefika kila baada ya nguzo moja, na mara tuko Hollywood Studios, watoto hata hawajachoka. Hapo nikaelewa watu wanaoisifia hii tiketi wanaongelea nini.

Lakini ni mara moja ndani ya siku tatu. Kwa dola 450.

Ni kama Jumamosi una kadi mbili za harusi, moja Mbezi moja Kigamboni, ukasema nitaenda zote. Kwenye ya kwanza umekaa upande upande unaangalia saa, ya pili umefika wanakunja viti. Pilau hujala kokote. Na gharama yenyewe ya kuhama ni ule muda unaokula njiani, hakuna anayekuandikia kwenye risiti.

Kwa hiyo dada wa Arusha, wewe na watoto wawili, mimi nasema usinunue. Chukua ya kawaida, paki moja kwa siku, na hiyo hela iangalie kwenye siku ya ziada, maana siku ya nne au ya tano inavyoongezwa bei ya kila siku inashuka, sisi tulipokuja kupiga hesabu tumeshachelewa tukaona tofauti siyo kubwa kihivyo, na siku nzima ni siku nzima.

Nani anunue? Mkiwa watu wazima wawili hamna mtoto, miguu mizima, mna siku moja au mbili tu, nunueni. Au mmelala hoteli za pale pale katikati ya EPCOT na Hollywood Studios, nyie mnatembea tu kwa miguu, kwenu ni kama kwenda dukani. Na yule mtu wa kupanda rola kosta tano halafu anataka kuondoka, huyo naye inamfaa.

Na jambo ambalo ningeambiwa mapema ningemshukuru mtu, hiyo nyongeza unaweza kuiongeza baadaye. Unanunua tiketi ya kawaida, unaenda, ukifika katikati ya safari ukaona kweli tunahitaji kuhama, unalipia tofauti kwenye apu au pale kwenye ofisi ya wageni. Kuongeza inawezekana, ila ukishaiweka hawaitoi. Sasa sisi wenye haraka tukaanza na kubwa.

Ukienda Universal, ni kampuni nyingine hiyo, pia iko Orlando, hesabu inabadilika kidogo. Kule kuna ile treni ya Harry Potter, Hogwarts Express, inatoka paki moja inaingia nyingine, na bila tiketi ya paki mbili hupandi, basi. Kama mtoto wako anaota hiyo treni ujue hapo huna ujanja. Ila paki yao mpya, Epic Universe, iliyofunguliwa Mei 2025, iko mbali na zile mbili za zamani, usije ukadhani nako unaenda kwa treni hiyo.

Na jamani tiketi za Disney za nusu bei za kwenye magrupu muachane nazo, mtu anakwambia nimebakiza siku mbili nakuuzia. Tiketi haihamishwi, getini wanaskani kidole, utabaki nje umeshika simu. Najua kwa sababu kuna mtu alitaka kunifanyia hivyo nikaponea...

Subirini. Kaamka. Ndiyo mama? Naongea na watu wa nyumbani, mama. Hapana, bado Georgia kusini huku. Anasema niwaambie kuhusu mbuyu. Nimeshawaambia mama. Anasema niwaambie vizuri kwamba haukuwa na tunda. Haya, baba watoto huyo anakuja na kahawa moja wakati tulisema mbili, ngoja nizime.