Lini Tuache Kanzidata ya Zamani? Mhadhara kwa Watengeneza Programu na Makatibu wa AMCOS, Tabora

Wazee mliopo, shikamooni. Vijana, habari zenu. Nimefurahi kuona watengeneza programu wamekaa pamoja na makatibu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kwa sababu jambo hili likiamuliwa na upande mmoja linaharibika.

Programu iache lini kukubali toleo la zamani la kanzidata, yaani mfumo unaohifadhi data zake? Wengi hujibu: siku litakapogoma. Jibu hilo nalipinga kabisa. Kanzidata ya zamani mara nyingi haigomi. Inaitikia, halafu haitendi.

Chukueni kanzidata iitwayo MySQL, toleo la 5.7. Umeweka sharti kwenye jedwali kwamba uzito wa robota la tumbaku lazima uzidi sifuri. 5.7 inalisoma sharti hilo, haitoi kosa lolote, kisha inalitupa. Karani akikosea akaingiza kilo hasi ishirini, zinapokelewa, na malipo ya mkulima yanaharibika. Sharti hilohilo lilianza kutekelezwa kwenye toleo la 8.0.16, mwaka 2019. Kwa hiyo ukitangaza kwamba programu yako inakubali matoleo yote mawili, itabidi uliandike sharti hilo tena ndani ya programu, na ulipime kote kuwili kila unapobadilisha kitu. Kama hupimi kwenye 5.7, usimwambie mtu kwamba unaikubali. Ni kumdanganya.

Tarehe ya kuanzia hesabu ipo tayari. PostgreSQL, kanzidata nyingine, hutoa toleo kubwa kila mwaka, na kila moja hupata viraka, yaani marekebisho ya kasoro, kwa miaka 5. La 12 lilipata kiraka cha mwisho Novemba 2024. MySQL 5.7 ilifika kikomo Oktoba 2023. Wenzetu wa Django, zana ya kutengenezea programu za wavuti, hawakungoja hata siku hiyo: toleo lao la 4.2, la Aprili 2023, liliiacha 5.7 mapema, kwani 4.2 yenyewe ilikusudiwa kutunzwa miaka 3. Usiahidi kuitunza programu juu ya kanzidata itakayokufa kabla yake.

Lakini kalenda ya watengeneza kanzidata siyo ya Urambo wala Kaliua. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa, seva haiguswi, hata kama tarehe imepita. Hama kabla ya msimu, au ngoja masoko yafungwe na malipo yakamilike. Tena mkumbuke kwamba katibu hakuchagua toleo. Fundi aliweka mfumo wa kompyuta wa Ubuntu 18.04, PostgreSQL 10 ikaja nayo. Kumwambia abadilishe kanzidata mara nyingi ni kumwambia abadilishe mfumo mzima wa kompyuta, na kabla ya hapo apate nakala rudufu iliyokwisha kurejeshwa kwenye mashine nyingine ikaonekana kweli inafunguka.

Ndiyo maana nasisitiza kuacha njia ya kutokea. Waangalieni PostgreSQL: viraka husimama baada ya miaka 5, lakini pg_dump, chombo chao cha kutolea data, ya toleo la 15, la mwaka 2022, bado ilisoma seva za 9.2, za mwaka 2012. Utunzaji umekoma, data bado zinatoka. Programu yako nayo ifanye hivyo. Inapowaka, ikague toleo kabla haijagusa jedwali lolote. Ikikuta la zamani isimame, iseme kwa Kiswahili imekuta nini, inahitaji nini, na apigiwe nani. Chombo cha kuhamisha data kiendelee kusoma la zamani.

Kuna katibu ameuliza: fundi atalipwa na nani? Nasema liandikwe kwenye mkataba siku mnayonunua programu: kuhama toleo kutatokea ndani ya miaka kadhaa, mtengenezaji atoe taarifa kwa barua msimu mzima kabla, na gharama ya kazi hiyo itajwe kwa shilingi. Mkataba usio na kipengele hicho, makatibu, msiutie saini.