Gari Linapochemsha: Tuanze na Swali Kabla ya Spana

Ndugu wasikilizaji, gari likichemsha wengi hukimbilia dukani. Leo themostati, kile kilango cha maji kinachofunguka kwa joto, kesho pampu ya maji, keshokutwa rejeta, na mshale wa joto bado unapanda. Kabla hamjashika spana, jiulizeni: linachemsha wakati gani?

Likichemsha kwenye foleni, kisha mshale ukashuka likishika mwendo, mtuhumiwa wa kwanza ni feni. Gari likitembea, upepo unapita wenyewe kwenye rejeta. Likisimama, ni feni inayouvuta. Likitulia kwenye foleni lakini likachemsha mlimani au kwenye kasi, tazameni mzunguko wa maji: rejeta imeziba, themostati haifunguki yote, au pampu haisukumi vizuri. Na likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa likiwa la baridi, maji yamekwisha, themostati imekwama ikiwa imefungwa, au gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua.

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100, lakini mfumo ukishikilia presha ya baa 1 juu ya ile ya hewa, hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Ukifungua, presha inaondoka, maji yanachemka papo hapo na kuruka pamoja na mvuke, usoni mwako. Subirini saa moja au zaidi. Msimwage maji baridi kwenye injini ya moto pia. Hedi inaweza kupasuka. Na mikono ikae mbali na feni ya umeme, maana katika baadhi ya magari inawaka hata swichi ikiwa imezimwa.

Sasa injini imepoa. Angalieni kiwango cha maji. Yakiwa yamepungua, yamekwenda mahali. Tafuteni alama za kulanti (dawa ya kupoza inayochanganywa na maji ya rejeta) iliyokauka, nyeupe au yenye rangi, kwenye viungo vya mipira, pembeni mwa rejeta na chini ya pampu. Pampu nyingi zina kitundu kidogo cha kutolea maji. Kikivuja, sili imekufa na pampu inabadilishwa. Zulia la abiria likiwa bichi, inavuja rejeta ndogo ya hita. Mkague na raba ya mfuniko: ikiwa imechanika, presha haikai na maji yanachemka mapema, ingawa vingine vyote ni vizima. Ni kifaa cha bei ndogo ambacho mafundi wengi hawakitazami kabisa.

Feni ya umeme hupimwa kwa kuwasha kiyoyozi. Katika magari mengi feni huanza papo hapo au baada ya muda mfupi. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini haizunguki injini ikipata moto, mota ni nzima. Shukuni sensa ya joto au waya zake. Isipozunguka kabisa, kagueni fyuzi, badilisheni relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na nyingine ya aina ileile, halafu ipeni mota umeme wa volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikikaa kimya, imeungua.

Tuje kwenye themostati. Washeni injini ya baridi na mguse mpira wa juu wa rejeta kila baada ya muda. Kwa kawaida unabaki vuguvugu, halafu unapata moto ghafla themostati ikifunguka. Mshale ukikaribia nyekundu na mpira bado wa baridi, maji hayafiki kwenye rejeta. Itoeni themostati, muitumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Namba iliyogongwa juu yake, tuseme 82 au 88, ndiyo nyuzi za kuanza kufunguka. Hufunguka yote zikiongezeka takriban 10 hadi 15.

Kuna desturi ya kuitoa themostati na kuitupa. Siikubali. Injini haifikii joto lake, inakula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Tena, katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo.

Mkishamwaga kulanti ya zamani na kusafisha mfumo kwa maji, kujaza mpya kuna namna yake. Mfumo ukiwa wa lita 6, tangulizeni lita 3 za kulanti isiyochanganywa, kisha mmalizie kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, kwa sababu maji mliyosafishia hayatoki yote kwenye injini. Hita iwe kwenye moto wa mwisho, pua ya gari iwe juu kidogo, mfuniko uwe wazi tangu injini ikiwa ya baridi. Iacheni ingurume mkiongeza polepole na kubinya mpira wa juu, mpaka feni iwake na mapovu yaishe. Hewa iliyobaki ndani ni sababu ya gari "lililotengenezwa jana" kuchemsha leo. Kulanti ya zamani muihifadhi kwenye chombo kilichofungwa. Ni sumu yenye utamu, na wanyama huilamba.

Mapovu yasipoisha, na mpira wa juu ukawa mgumu ndani ya dakika moja tangu kuwasha injini ya baridi, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia oili inaungana na ushahidi huo. Utando kidogo chini ya mfuniko wa oili peke yake hautoshi, huenda ni unyevu wa safari fupi. Hedi ikishafunguliwa, lazima ipimwe kwa rula iliyonyooka na fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kikomo cha kupinda kimo kwenye kitabu cha gari husika, mara nyingi hakizidi milimita 0.1. Ikizidi, ikachongwe kwanza, la sivyo gasketi mpya itaungua kama ya zamani. Bolti za aina inayovutika, yaani zinazorefuka zikikazwa, zibadilishwe, na zikazwe kwa hatua kuanzia katikati kwenda nje, kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni.