Minyoo wa Chura: Watafute Kiungo kwa Kiungo

Hamjambo nyote, na ahsanteni kwa kufika hapa Kisumu. Chura mmoja wa mashamba ya mpunga anaweza kubeba aina kadhaa za minyoo, kila aina na kiungo chake. Kwa hiyo nawasihi: mapafu sahani yake, kibofu sahani yake, utumbo sahani yake. Mkivichanganya, hamtajua mnyoo alikaa wapi, na chura amekufa bure.

Kibali kiwe mkononi, na chura apewe ganzi mpaka afe kabisa kabla ya kisu.

Sahani zitiwe maji ya chumvi, gramu 6.5 kwa lita 1. Maji ya mfereji hayafai, kwani mnyoo bapa huyafyonza, akavimba na kupasuka.

Anzeni na mapafu. Yainueni kwenye mwanga kabla ya kukata. Mkiona michirizi myeusi ikijinyonganyonga, huenda huyo ni Rhabdias, mnyoo wa mviringo wa mapafuni. Weusi ule ni damu ya chura tumboni mwa mnyoo. Mwili wenyewe unapenya mwanga. Kateni polepole, maana ncha ya makasi ikimgusa tu anapasuka na mayai yanamwagika. Mayai hayo hupanda kooni, yakamezwa, yakaishia kwenye kinyesi. Kwenye udongo wenye unyevu hutokea kizazi cha madume na majike wasiohitaji chura. Wana wa majike hao hukua ndani ya mama, wakamla mpaka abaki ganda, kisha wanatoka kutafuta ngozi ya chura waitoboe. Mimi sijachoka kulistaajabia jambo hili!

Kwenye kibofu cha mkojo mtafuteni Polystoma, mnyoo bapa mwenye vikombe 6 vya kujishikia na kulabu 2 kubwa. Msimvute kwa kibanio, atachanika. Mkateni pamoja na kipande cha kibofu.

Chini ya ngozi ya paja mkikuta utepe mweupe unaosogea, vaeni glavu. Huenda ni mtoto wa tegu Spirometra, ambaye akikomaa huishi kwenye utumbo wa mbwa na paka. Nyama ya chura isiyoiva humpitisha kwa binadamu.

Minyoo wa mviringo watieni kwenye alkoholi ya moto ya asilimia 70. Ikiwa baridi hujikunja, na aliyejikunja hapimiki. Chupa ipashwe ndani ya sufuria ya maji ya moto, mbali na moto wenyewe, kwa sababu mvuke wake huwaka. Lebo iandikwe kwa penseli na kuwekwa ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi, na karatasi hubaki tupu.