Kilele Kwenye Grafu Bado si Rezonansi

Wanafunzi wangu, na ninyi mafundi mliotoka vyumba vya seva kule Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, naanza na lile ninalolisema kila ninapopewa kipaza sauti: kilele kwenye grafu ya masafa bado si rezonansi, yaani mtetemo wa asili wa kifaa chenyewe. Mnalijua, lakini ripoti zenu zina kosa lilelile.

Chukueni diski ya kompyuta inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Gawanyeni kwa 60: mizunguko 120 kwa sekunde. Sahani inayohifadhi data ikikaa upande hata kidogo sana, kila mzunguko unakisukuma vilevile kichwa kinachoisoma, na grafu inachora vilele kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 120, 240, 360, mpaka huko mbali. Mwanafunzi anaona kilele kirefu kwenye 1,080, anaandika "rezonansi imepatikana". Imepatikana wapi? Gawanya kwa 120 kwanza! Inatoka 9 kamili. Huo ni mzunguko tu.

Rezonansi ni tabia ya chuma chenyewe: urefu wake, unene wake, kilivyofungwa. Hapa Ugogoni tunayo ilimba, ala ya ndimi za chuma, ileile aliyoipiga mwanamuziki wetu Hukwe Zawose duniani kote. Kila ulimi una sauti yake, uuguse taratibu au kwa nguvu. Mpigaji akitaka sauti ipande, anausukuma ndani ufupike. Mkono unaobeba kichwa cha diski nao ni ulimi: ukiufupisha kwa nusu, unene ukabaki uleule, masafa yake yanapanda mara nne. Badilisha kasi ya mota, vilele vya mzunguko vitahama. Rezonansi ya mkono itabaki palepale.

Kwa hiyo pangeni ishara yenu mzunguko kwa mzunguko, tafuteni wastani wa mizunguko mingi, muutoe. Kinachobaki kikateni vipande vinavyopishana, kila kimoja kipitishwe kwenye uchambuzi wa Fourier, unaoonyesha masafa yaliyomo, kisha mchukue wastani wa nguvu. Njia hiyo Peter Welch aliichapisha mwaka 1967. Vilele vya mzunguko ni vyembamba kama sindano. Rezonansi inatokea kama kilima. Kilima kikiwa kwenye hezi 4,500, na upana wake kwenye nusu ya nguvu ni hezi 90, gawanyeni 90 kwa mara mbili ya 4,500, yaani 9,000: 0.01. Hapo mnajua mtetemo unafifia haraka kiasi gani, na bila namba hiyo anayetengeneza kichujio cha kuutuliza mtetemo huo anabahatisha.

Kuna atakayesema, "Mwalimu, siku hizi ni SSD, hifadhi isiyo na kinachozunguka." Hapana! Vituo vikubwa vya data bado vinategemea diski zinazozunguka, na kichwa kinaelea nanometa chache tu juu ya sahani. Mwaka 2016 jijini Bucharest, benki moja ilifanya jaribio la mfumo wa gesi wa kuzima moto. Kelele ya gesi ikitoka ilizitikisa diski, zikaharibika, huduma zikasimama kwa saa kadhaa. Ninyi wa Mtumba, kapimeni.

Naonyeshwa saa. Haraka basi: diski yetu ya mizunguko 120, yenye alama 200 za servo (za kumwongoza kichwa mahali pake) kwa mzunguko, inawapa sampuli 24,000 kwa sekunde. Kilicho juu ya nusu yake, hezi 12,000, kitajitokeza mahali pasipo pake. Rezonansi ya 15,000 mtaiona kwenye 24,000 ukitoa 15,000, yaani 9,000. Mengine tutayafanya maabara mchana. Mwenye grafu aje nayo, kasi ya mzunguko ikiwa imeandikwa juu yake.