Mvua Iliyokatika Kila Jiko Lilipowashwa: Mhadhara Kuhusu Uhakiki wa Modi katika Gemu Huria

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu nyote, ahsanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie ubora na usimamizi katika jumuiya za watengenezaji wa modi, yaani nyongeza ambazo wachezaji wenyewe huziandikia gemu, na hasa gemu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma na kuzibadilisha. Naanza na mvua.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhakiki wa kujitolea katika jumuiya moja ya modi. Wiki moja zikaingia kazi mbili. Ya kwanza ilileta mvua kwenye ulimwengu wa gemu, ya pili jiko la kuokea. Nikaijaribu ya mvua: inanyesha, inakatika, safi. Nikaijaribu ya jiko: moto unawaka, mkate unaiva, safi. Nikazipitisha zote mbili, nikaenda kulala nikijiona fundi. Baada ya siku nne akaja mchezaji na lalamiko lililotuchekesha: "Kila nikiwasha jiko, mvua inakatika."

Tulimwambia aanzishe upya gemu. Tukamwambia abadilishe toleo. Kila jibu mnalolijua la mtu asiyetaka kuinuka kitini, tulimpa. Naye akarudi na video: anawasha jiko, mvua kimya. Anasubiri inyeshe tena, anawasha jiko, kimya.

Ilinichukua jioni nzima kuiona. Modi zile ziliandikwa kwa Lua, lugha ya kuandikia programu. Katika Lua, ukitaja kigeu kipya, yaani jina linalohifadhi thamani inayobadilika, bila kukitangulizia neno "local", hakibaki ndani ya faili lako. Kinakuwa mali ya wote. Mwenye mvua alikuwa na kigeu alichokiita "timer", kinachohesabu kurudi nyuma, na kikifika sifuri mvua inakatika. Mwenye jiko naye alikuwa na "timer" yake, anayoiweka sifuri kila jiko linapowashwa. Wote wawili walisahau "local". Na kwa kuwa injini ile, yaani programu kuu ya gemu, huendesha modi zote ndani ya chumba kimoja, saa ya ukutani ilikuwa moja na kila mmoja alikuwa akiirudisha nyuma apendavyo.

Herufi tano tu. Na kosa lilikuwa langu kabla halijawa lao, maana wao ni vijana wanaojifunza, mimi ndiye niliyekaa mlangoni. Ipo programu huria ya kukagua makosa ya Lua, iitwayo luacheck, ambayo ingeonyesha mistari yote miwili kabla sijamaliza kufungua faili. Sikuiendesha. Nilitumia macho yangu kwenye kazi ya mashine, na yalipohitajika kwenye kazi ya mtu, yalikuwa yamechoka.

Tangu siku ile msimamo wangu ni huu: mlango wa jumuiya ya modi uwe mwembamba kwa mambo machache yanayoweza kumdhuru mtu asiyehusika, na kwa mengine yote uwe wazi kabisa. Modi mbaya, ya rangi za kuumiza macho, yenye jiko lisilofanana na jiko, ipite. Wachezaji wataiacha wenyewe. Mhakiki anayezuia kazi ya mtu kwa sababu haimpendezi yeye, huyo anachuma shamba lisilo lake.

Tukumbuke modi zilikotoka. Doom, gemu ya kupiga risasi, ilipotoka mwaka 1993, data yake ya ramani na picha ilikaa katika mafaili ya WAD, mbali na programu yenyewe, na watu wakaanza kutunga ramani zao mara moja. Msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulitolewa Desemba 1997, na mwaka 1999 ukawekwa chini ya GPL, leseni inayomruhusu kila mtu kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza kwa sharti ubaki huria. Kazi nyingi za miaka ile zilikuwa ovyo, ndugu zangu. Vyumba vya mraba, maadui arobaini nyuma ya mlango mmoja. Lakini waliotunga vyumba vile vya mraba ndio waliojifunza, na hadi leo watu wanaitungia Doom ramani.

Sasa, mambo yasiyo na msalie mtume ni yapi? La kwanza ni leseni, na hapa ndipo vijana wengi huanguka bila nia mbaya. Msimbo wao hauna neno. Tatizo ni picha ya jani aliyoikata kutoka gemu ya kibiashara, au sauti ya mlango "aliyoikuta mtandaoni". Mwingine anakuletea picha yenye leseni ya Creative Commons, mojawapo ya leseni za kugawana kazi za sanaa, anafurahi, kumbe ina herufi NC, yaani isitumike kibiashara. Hiyo si leseni huria kwa maana tunayoitumia sisi, na akiichanganya na mradi wa GPL anawafunga wote watakaousambaza baada yake. Battle for Wesnoth, gemu ya mikakati iliyoanza mwaka 2003, imekata shauri mapema: anayepandisha nyongeza kwenye seva yao anakubali GPL, na kwa sanaa na muziki CC BY-SA, leseni huria ya Creative Commons, nayo inapokewa. Mstari mmoja, lakini umewaokoa na mabishano mengi. Mimi humwomba mwandishi faili dogo lenye jina la kila picha, mtunzi wake na leseni yake. Mtu akishindwa kulijaza, mara nyingi amekwisha kujua kwa nini.

La pili ni usalama, na hili tulichelewa kulijua. Modi si pambo. Modi ni programu unayoikaribisha ndani ya kompyuta yako. Juni 2023 wachezaji wa Minecraft walilijua hilo kwa uchungu. Wahalifu waliingia kwenye akaunti za watunzi wa modi kadhaa, wakapandisha matoleo yenye programu hasidi iliyopewa jina fractureiser. Iliiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari, ilibadilisha anwani za sarafu za kidijitali mtu alizozinakili, kisha ikajipachika kwenye mafaili mengine ya Java ndani ya mashine ileile. Walioichambua haraka walikuwa watu wa kujitolea, wengi wao watengenezaji wa modi.

Angalieni mhalifu alipitia wapi. Hakusimama kwenye foleni kama mgeni mwenye modi mpya. Alivaa nguo za mwenyeji, akaja na toleo jipya la kitu ambacho watu walikwisha kukiamini. Nasi, nakiri mbele yenu, ndivyo tulivyokuwa tukifanya: modi mpya tunaisoma neno kwa neno, toleo la pili tunalitupia jicho, la tano linapita lenyewe. Ulinzi wote mlango wa mbele, na uani hakuna hata komeo.

Na kuna kisa cha programu ya xz, ambacho si cha gemu lakini kila mhakiki wa modi akisome. Mtu alijitolea kwenye mradi mdogo wa kubana mafaili, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili, huku akaunti nyingine zikimsukuma mtunzaji aliyechoka agawane madaraka. Akapewa. Mwaka 2024 akaingiza mlango wa siri. Aliyeugundua, Andres Freund, alishtuka kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kulichelewa kama nusu sekunde. Na kipande cha msimbo kilichouamsha mlango ule hakikuwa kwenye hazina, yaani ghala la msimbo mtandaoni ambalo kila mtu hulisoma. Kilikuwa kwenye kifurushi cha toleo tu. Kwa hiyo ukihakiki modi, fungua kile ambacho mchezaji atakipakua, si kile alichokuonyesha mtunzi. Mimi hupakua kifurushi, naujenga msimbo wa hazina mwenyewe pembeni, kisha nalinganisha. Tofauti ya faili moja isiyo na maelezo inatosha kusimamisha kazi.

Ziko njia za kumpunguzia mhakiki mzigo. Luanti, injini huria ya gemu za kujenga kwa matofali, iliyojulikana kama Minetest hadi 2024, ina ulinzi wa modi unaozuia msimbo wa Lua kugusa mafaili nje ya sehemu zake. Modi inayotaka zaidi ni lazima mwenye seva aiandike kwa mkono kwenye orodha ya zinazoaminika. 0 A.D., gemu huria ya mikakati, huangalia sahihi ya kidijitali kabla ya kukubali modi inayopakuliwa kutoka ndani ya gemu. Napenda ya kwanza zaidi. Sahihi inakwambia nani kapitisha, uzio unakwambia hata aliyepita hafiki jikoni.

Nije kwa watu, maana usimamizi ni watu. Yule kijana wa mvua, nilipogundua kosa, nilimwandikia maneno mawili: "Haikidhi vigezo." Nikaiondoa modi yake. Hakujibu, hakurudi. Wa jiko nilimwandikia siku iliyofuata nikiwa nimelala vizuri: mstari wa 41 una kigeu kisicho na "local", weka hivi, ukimaliza niite hata usiku. Aliniita usiku huohuo. Kosa lilikuwa moja, uzito mmoja. Tofauti ilikuwa usingizi wangu. Nimepoteza mtunzi kwa sababu ya usingizi, na siku hizi nikisikia kichwa kizito sigusi foleni, hata ikiwa ndefu. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akikuta mwenyeji amenuna mlangoni, anaondoka na dawa yake.

Foleni yenyewe nayo ni adabu. Mtu akisubiri wiki tatu bila neno, atadhani amedharauliwa, na pengine ana haki. Ujumbe wa "tumeipata, zipo tisa mbele yako" unamtuliza kuliko kanuni kurasa kumi. Kuhusu matusi na kuandama watu, siongezi sana: anayetukana aonywe faraghani, akirudia atoke, na anayemtoa asiwe yule aliyetukanwa. Ila kumbukeni kwamba katika programu huria ukimfukuza mtu hujamnyang'anya kitu. Anaondoka na msimbo wake na wa kwenu pia, leseni inamruhusu, na kesho anafungua duka mtaa wa pili. Mimi hilo halinitishi.

Kinachonitisha ni kinyume chake, mtunzi anayefuta. Katika Luanti kila kitu kina jina lenye sehemu mbili, jina la modi na jina la kitu. Modi ikiondoka, matofali yake yaliyokwisha kujengwa hubaki ulimwenguni kama vitu visivyojulikana. Nyumba ya mtu ya miaka miwili inageuka vipande vyenye maandishi ya kosa. Hata kubadilisha jina tu kunatosha kuleta balaa hilo, mtunzi asiposajili lakabu inayoielekeza injini kutoka jina la zamani kwenda jipya.

Tulikuwa na mtunzi mmoja aliyegombana na wenzake, akaifuta hazina yake kwa hasira na kutudai tuifute modi kila mahali. Leseni ilituruhusu kuibakiza. Tulijadiliana siku mbili, kwa sababu kuruhusiwa na kutenda haki ni vitu viwili. Mwishowe tuliacha toleo la mwisho, tukaandika juu yake kwamba halina mtunzaji, tukalitoa jina lake kwenye orodha ya wanaopokea malalamiko, na notisi yake ya hakimiliki ikabaki ndani ya faili kama leseni inavyotaka. Wachezaji hawakupoteza hata tofali.

Baada ya miezi saba alirudi, kwa jina lilelile, bila salamu. Alileta kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo, kwenye modi yake mwenyewe: amebadilisha jina la taa, eti la zamani lilikuwa linamkera. Nikakipakua, nikaendesha luacheck, nikafungua ulimwengu wa majaribio wenye taa kumi za zamani. Zote kumi zikageuka vitu visivyojulikana. Nikamwandikia: karibu tena, umesahau lakabu, ni mstari mmoja tu.