Z ya Kale na Z ya Leo

Mabibi na mabwana, na nyinyi vijana wa gereji mliojazana huko nyuma, karibuni. Leo tunazungumzia Datsun 240Z, gari lililozinduliwa mwaka 1969, na mjukuu wake, Nissan Z ya siku hizi. Wazee waliomo humu Z wanaijua vizuri. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta: alitoka sare kwa pointi na Harry Källström, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, kisha ushindi akapewa Mehta. Matope na vumbi la huku kwetu ndivyo vilivyolipa gari lile heshima yake.

Kwa nguvu hakuna ubishi. Ya kale ina silinda 6 za mstari mmoja, lita 2.4, nguvu ya farasi 151. Mpya ina V6 ya lita 3 yenye tabo mbili, yaani feni za kusukumia hewa ndani ya injini, na farasi 400. Kwa breki na usalama pia, ya kale haioni ndani.

Kinachoniuma ni uzito. 240Z ilikuwa na kilo elfu moja na kidogo. Mpya inakaribia 1,600. Sehemu ya uzito huo inaokoa maisha, nayo siilaumu. Lakini nyingine ni starehe tupu, na inamnyima dereva raha ya kuihisi barabara viganjani.

Sasa kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, hapa niacheni nikae kidogo. Ziko mbili, kila moja inalisha silinda tatu. Zisipovuta hewa sawasawa, injini inatetemeka. Fundi anachukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja anaitia sikioni, nyingine anaiweka kwenye mdomo wa kabureta, injini ikinguruma polepole bila kukanyagiwa mafuta. Anasikiliza mvumo. Anahamia ya pili. Anagusa skrubu kidogo tu, anasikiliza tena, mpaka mvumo wa huku na wa kule ulingane. Kwenye Z mpya kazi hiyo yote inafanywa na kompyuta, tena kwa usahihi ambao sikio haliuwezi. Ila kijana aliyesimama pembeni hapo haoni kitu cha kujifunza.

Na sisi watu wa pwani tusisahau kutu. Bati la 240Z huliwa upesi, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Ukiletewa ya kununua, usidanganyike na rangi inayong'aa. Toa betri, tazama pale ilipokaa: asidi ikimwagika hula rangi, kutu ikashuka mpaka kwenye chesi.

Safari ya usiku kwenda Malindi na watoto, ningechukua mpya bila kusita. Lakini ningekuwa na chuo cha ufundi hapa Mombasa, injini ya 240Z ningeiweka katikati ya darasa, nikawapa wanafunzi bisibisi na ule mpira.

Haya, maswali. Tuanze na vijana wa gereji.