Panya Kala Spika

NURU: Karibuni tena. Leo tuna mambo matatu ya kuangalia ukibadilisha spika ya ampu ya gitaa. Kaka Shaibu kaileta yake, kaiviringisha kanga utadhani mtoto mchanga.

SHAIBU: Cheka tu. Jumamosi harusini, maharusi wako mlangoni, naingia na solo, ampu inakoroma. Nachungulia nyuma: karatasi ya spika imemegwa kama chapati.

NURU: Panya.

SHAIBU: Panya na watoto wanne, wamejilaza juu ya sumaku.

NURU: Siku zote hizo hukusikia?

SHAIBU: Si anauma na kupuliza!

NURU: (anacheka) Jamani! Haya, la kwanza ni om, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. Ampu imeandikwa ngapi?

SHAIBU: Nane. Ila nimepima spika kwa multimita, ikasoma 6.5. Nikasema panya kala mpaka om.

NURU: Panya hali om! Spika ya om 8 ukiipima hivyo inasoma 6 na kitu, ndivyo zilivyo. Nunua ya 8. Ampu yako ni ya transista, ukiifungia ya om 4 itavuta umeme mwingi, transista zinaweza kuungua.

SHAIBU: Naichukua ile ya mziki, ya kwenye maspika ya ukumbini, inchi 12, wati 300. Kariakoo zimejaa.

NURU: Ampu ya wati 30? Wati za spika ni za kustahimili, hazikuongezei sauti. La pili, tazama desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Spika ya gitaa kama Vintage 30 ya Celestion ina 100 kwa wati 1. Ukichukua ya 97, sauti ileile itadai wati maradufu.

SHAIBU: Hiyo 30 ndiyo wati zake?

NURU: Wati zake 60. 30 ni jina.

SHAIBU: Kumbe nao wanapuliza!

NURU: Acha panya.

SHAIBU: Dada, mimi napiga dansi. Nataka nyuzi zihesabike moja moja. Fender wenyewe, watengeneza ampu, miaka ya 1960 ukitaka walikufungia spika za JBL, safi kama za mziki, kwenye ampu yao ya Twin Reverb.

NURU: La tatu ndilo hilo, sauti nyembamba: spika ya gitaa zikifika hezi 5,000 hivi inaanza kuzikata, na utamu uko hapo. Ile ya mziki haizikati, ukiikolezea gitaa mpaka likwaruze utasikia nyuki.

SHAIBU: Mimi sikolezi.

NURU: Mpiga rizimu wako anakoleza, na ampu mnaazimana.

SHAIBU: Anunue yake.

NURU: Sikubaliani na wewe.

SHAIBU: Usikubali. Mimi kesho niko Kariakoo.

(kimya)

NURU: Hivi wale watoto wa panya uliwapeleka wapi?

SHAIBU: Unadhani kanga ya nini?

NURU: Wamo?! Humu studio?

SHAIBU: Mama yao sijamwona tangu asubuhi.

NURU: Shaibu! Na hatujakubaliana bado…

SHAIBU: Muda umekwisha, dada. Nyanyua waya wa maiki, usiuache sakafuni.